Mashavu na Mdomo wa Kuazima

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa ulimi, na meno thelathini na mawili yakiulinda.

Ukateleza?

Haujateleza bado. Tupe kisa tuuone.

Haya, sogeeni. Wa nyuma aje mbele, mwenye kikohozi akohoe sasa, maana kisa hiki kina hasira ndani yake na sipendi kukatizwa.

Hapo kale, kale ya kweli, mto Zungwi uligawa watu wa makabila mawili. Ng'ambo hii walikaa watu wa Kigandani, waliosema lugha yetu hii. Ng'ambo ile, juu vilimani, walikaa Watundwe, waliosema Kitundwe. Maji waliyokunywa ni yale yale, na soko lao ni moja, pale kivukoni, kila siku ya tano. Lakini ukimsalimu Mtundwe, anakutazama. Akikusalimu yeye, unamtazama. Watu waliuziana kwa vidole.

Mtu mmoja tu alizijua lugha zote mbili. Jina lake Shekue. Ukitaka kuoza ng'ambo, Shekue. Ukitaka kushtaki, Shekue. Ukitaka kuomba radhi, Shekue. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, na kila alipoambiwa, "Bwana Shekue, nifundishe na mimi maneno mawili matatu," alitikisa kichwa kwa huruma.

"Kitundwe hakifundishiki," alisema. "Mtu hunyonya nacho. Ukikianza ukubwani kitakukata ulimi."

Watu wakaamini. Jamani, watu wazima wenye ndevu wakaamini. Miaka ishirini kijiji kizima kilikuwa na mdomo mmoja, na mdomo wenyewe wa kuazima.

Basi hapo Kigandani alikuwako mfinyanzi, mjane, Bibi Mashavu. Alikuwa na binti mmoja tu, Mize. Mize akaolewa ng'ambo na Mtundwe, akazaa mtoto wa kike. Mtoto hajafika hata mwaka, Mize akaugua, akafa, akazikwa huko huko. Mama yake alipata habari kaburi limeshaota majani.

Nani aliyeleta habari? Mnamjua.

"Pole sana, Bibi Mashavu," alisema Shekue, kofia mkononi. "Mola ndiye mpangaji. Lakini sitakuficha. Wakwe zako wamesema usikanyage kwao. Wanasema mkosi ulitoka kwako."

"Na mjukuu wangu?"

"Mjukuu wamesema ni wao."

"Mimi niliwakosea nini?"

"Ndivyo walivyo, watu wale."

Mashavu alilia siku saba. Ya nane akaosha uso, akaanza kutuma vitu, maana bibi ni bibi. Mwaka wa kwanza alituma mbuzi wa maziwa kwa ajili ya mtoto. Shekue akarudi: "Wamemkataa." Mwaka wa pili alituma shuka jipya. Shekue akarudi: "Wamelichana." Mwaka wa tatu alituma mtungi aliouhangaikia siku tisa, wenye shanga shingoni. Shekue akarudi: "Wameuvunja mbele ya macho yangu."

Mbuzi alikuwa nyuma ya nyumba ya Shekue, anakamuliwa. Shuka alijifunika nalo. Mtungi ulimpozea maji. Nyie chekeni tu. Mimi kila nikifika hapa damu inachemka.

Siku moja ya soko Mashavu alikuwa amepanga vyungu vyake, akaja kikongwe wa Kitundwe akimwongoza mtoto wa miaka minne hivi. Mashavu akamtazama mtoto. Paji lile. Masikio yale madogo. Alikuwa Mize mtupu. Na kikongwe alikuwa Nareku, mama mkwe wa Mize. Walionana mara moja tu, siku ya harusi.

Nareku akapiga magoti mbele ya vyungu. Akamshika Mashavu mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Shekue akatokea mbio, akijifuta mafuta mdomoni.

"Anasema nini?" Mashavu akamuuliza.

"Anakulaani. Anasema ulimuua mwanao kwa husuda. Ondoka, bibi, kabla hajakutemea mate."

Kisha akamgeukia kikongwe, akamwambia maneno machache. Nareku akauachia ule mkono kama aliyeungua. Akambeba mtoto, akaenda zake.

Mashavu akabaki anauangalia mkono wake. Ulikuwa umelowa. Mtu anakulaani huku amekushika mkono? Mtu anakutukana huku anakulilia? Niambieni nyinyi mliokaa hapo.

Haiwezekani.

Haiwezekani. Na hapo ndipo hasira ilipompanda, ikaanzia kwenye nyayo ikafika utosini. Akasema peke yake, "Nimefiwa na mwanangu, na hata kifo chake nimesimuliwa. Sitasimuliwa tena."

Soko lililofuata, bei za vyungu zilibadilika. Mtundwe akitaka chungu, Mashavu alikificha nyuma ya mgongo, akanyoosha kidole kwenye kitu, kisha akashika sikio lake. Yaani: niambie kile kinaitwaje. Chungu cha mboga, maneno matatu. Mtungi, maneno kumi. Watundwe wakaona huyu ana wazimu, ila wazimu wake una nafuu. Nyumbani, kila neno alilopata alilichora kwenye chungu kibichi. Kuku. Jua. Jiwe. Mto. Akakichoma, akakipanga ukutani, na kila asubuhi akifagia alivitaja kimoja kimoja kwa Kitundwe.

Aliyempa maneno mengi kuliko wote alikuwa muuza asali, Lemeya, mwanamke wa kicheko kikubwa. Mkumbukeni huyo.

Sasa msidhani kwamba aliyeapa ndiye aliyefika. Mashavu aliacha. Aliacha mara tatu.

Mara ya kwanza aliachishwa na kicheko. Jua lilikuwa kali, kiu imemkaba. Kwa Kitundwe maji ni wero, na mume ni wera. Mashavu akasimama katikati ya soko, akasema kwa sauti ya kujiamini: nipe mume, tena wa baridi. Soko lilicheka. Wakaitana kutoka upande wa mbuzi na upande wa mtama waje wamsikie. Mashavu akafunga vyungu vyake, akaenda nyumbani. Masoko mawili hakutamka neno.

Soko la tatu Lemeya akamfuata na kibuyu cha maji. Akakiinua, akasema polepole, "Wero." Akangoja mpaka Mashavu aliposema naye. Kisha akaongeza maneno mengi haraka haraka, na Mashavu akayadaka mawili tu: kucheka, na kuja. Akayaunga mwenyewe. Njoo, tucheke. Akanywa maji, akarudi kwenye kazi.

Mara ya pili aliachishwa na watu wake mwenyewe. Vyungu vya ukutani vilikuwa vimefika sitini, na habari zilimfikia Shekue. Akaja nyumbani kwa Mashavu, akiwa na Kombo, kaka yake Mashavu.

"Dada," alisema Kombo, "samaki mkunje angali mbichi. Wewe umeshakauka. Unatuaibisha sokoni."

"Mimi si samaki, Kombo. Methali hiyo waliitunga wavuvi. Wangewauliza wafinyanzi, wangeambiwa udongo uliokauka unatiwa maji, unakandwa, unafinyangika upya."

"Bwana Shekue anasema utaumia."

"Bwana Shekue anasema mengi."

Shekue akatabasamu. "Nakuonea huruma tu, bibi," akasema, macho yake yakitembea ukutani.

Siku ya pili yake Mashavu alikwenda kuchimba udongo. Aliporudi, alikuta vyungu vyote sitini vimesagwa. Kuku wamevunjika, jua limevunjika, mto umevunjika. Shekue alikuwa wa kwanza kuja kutoa pole. "Ni mbuzi," alisema. "Nimemwona akitoka." Majirani wakaitikia, ni mbuzi. Mbuzi gani huyo anayeruka vyungu vya mahindi asivivunje, akachagua vilivyochorwa? Hakuna aliyeuliza. Kombo naye hakuuliza.

Mashavu akakaa chini katikati ya vigae. Siku tatu hakupika, hakusema Kitundwe wala lugha yetu. Siku ya nne akachukua kikapu avitupe. Akaokota kigae chenye nusu ya kuku, mdomo wake wenyewe ukataja kuku kwa Kitundwe, bila kuombwa. Akaokota kingine, mdomo ukataja. Alipobeba kikapu cha mwisho kwenda jalalani alikuwa ameyataja maneno yote sitini. Kumbe Shekue alivunja udongo tu. Mashavu hakuchora tena. Tangu siku hiyo maneno aliyaweka mahali ambapo mbuzi wa Shekue hafiki.

Mara ya tatu. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na nisikilizeni vizuri, maana mara hii hapakuwa na adui.

Masika yalikuja makubwa. Zungwi ulifurika, kivuko kikafungwa, miezi mitatu hapakuwa na soko. Mashavu alikaa ndani. Hasira aliyoanza nayo ilikuwa imepoa. Hasira ni kuni za makuti, wenzangu: huwaka kwa kishindo, lakini haziivishi maharage. Asubuhi moja alijaribu kuhesabu mpaka kumi kwa Kitundwe, akakwama kwenye sita. Kesho yake akakwama kwenye nne. Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyevunja kitu. Maneno yalikuwa yanaondoka tu, kimya kimya, kama wageni waliochoka kusubiri chakula.

"Nimezeeka," akasema. Kivuko kilipofunguliwa alikwenda sokoni akauza vyungu kwa vidole, kama zamani.

Ndipo akapita mtoto wa kike wa miaka saba, ameshikwa mkono na shangazi yake. Paji lile. Masikio yale. Shangazi alikuwa akipatana bei ya mtama kwa jirani. Mtoto akainama, akachukua chungu, akakizungusha, akasema, "Chungu hiki kimepinda mdomo kama baba mdogo akilala."

Mashavu akacheka. Akacheka kabla hajajua kwa nini anacheka. Kisha akajua. Sentensi nzima ilikuwa imemwingia, nzima, bila kukatikakatika, bila mtu kusimama katikati.

"Kiweke," akamjibu kwa Kitundwe. "Nitakufinyangia kingine kilichonyooka."

"Chenye midomo miwili."

"Cha nini midomo miwili?"

"Tunywe mimi na bibi bila kugombana."

Mtoto hakushangaa hata kidogo. Kwake yeye, mzee kuulizwa na kujibu ni jambo la kawaida. Shangazi akamvuta, wakaenda. Mashavu akasikia njaa ya maneno, njaa ya tumboni kabisa, ambayo hasira haikuwahi kumpa.

Akamgeukia Lemeya. "Yule mtoto ni wa nani?" akauliza kwa Kitundwe. Alijua. Alitaka kusikia.

"Mjukuu wa Nareku," alisema Lemeya. "Mama yake alikuwa wa kwenu, alikufa. Maskini, bibi yake wa huku alimkataa. Kila mwaka Nareku humtumia asali na kumsihi aje amwone mtoto. Kila mwaka Shekue hurudi kusema kwamba bibi amepokea asali, lakini mtoto amemnawia mikono."

"Asali?"

"Vibuyu vinne. Narina mimi mwenyewe."

Mashavu hakuwahi kulamba hata tone. "Lemeya," akasema, "bibi huyo ni mimi."

Lemeya hakucheka siku hiyo. Akasema, "Mimi nakuamini. Lakini wazee wetu wamekula naye miaka ishirini. Wewe unasema kama mtoto wa miaka mitatu. Ukisimama kumshtaki, watamwamini nani?"

"Basi sitamshtaki mimi," akasema Mashavu. "Atajishtaki mwenyewe."

Akaenda moja kwa moja kwa Shekue, akamwona mbuzi wake nyuma ya nyumba, akainamisha kichwa. "Bwana Shekue, umeshinda. Lugha ile imenishinda. Niitie wakwe zangu barazani, na wewe useme kwa niaba yangu, niwaombe radhi yaishe." Shekue alifurahi, akadai beberu. Mashavu akampa.

Baraza likakaa kivukoni saa nne ya asubuhi. Upande huu Jumbe wa Kigandani, na Kombo, na watu wote. Upande ule Mzee Karindo wa Watundwe na wazee wake, na Nareku amejifunika shuka. Katikati Shekue, juu ya kigoda chake.

Mashavu akasema, "Waambie nawasalimu, na namshukuru Nareku kwa kumlea mjukuu wetu."

Shekue akawageukia Watundwe: "Anasema mtoto asiletwe tena sokoni. Akimwona anapata kichefuchefu."

Nareku akainama zaidi. Mashavu alisikia kila neno. Akauma midomo, akanyamaza.

Akasema, "Waambie nilituma mbuzi, shuka na mtungi. Nauliza, viliwafikia?"

Shekue akawageukia: "Anasema asali ya mwaka huu ilikuwa kidogo. Ijayo iwe vibuyu sita."

Watundwe wakanung'unika. Mzee Karindo akagonga fimbo chini. Mashavu alisikia hilo nalo.

Mara ya tatu akasimama. Akasema polepole, ili upande wake wote wasikie.

"Bwana Shekue, waambie hivi, neno kwa neno. Waambie mtu huyu anayewatafsiria ni mwongo. Asali ya Nareku aliila. Mbuzi wa mjukuu wangu anamkamua. Msiba wetu ulikuwa mmoja, akaukata vipande viwili. Waambie naomba afungwe kamba."

Watu wa Kigandani wakashika vinywa. Jumbe akainuka nusu. Shekue akaloa jasho. Lakini aliwatazama Watundwe, akaona wametulia, wanangoja, kwa sababu wao walisikia sauti ya bibi kizee tu. Angefanya nini? Ajitangaze mwenyewe? Akatabasamu. Akawageukia kwa ile sauti yake ya upole.

"Anasema anashukuru kwa kumsikiliza, na anawatakia safari njema."

Watundwe wakaitikia kwa vichwa. Wengine wakaanza kuokota fimbo zao.

"Kaeni," Mashavu akasema kwa Kitundwe. "Sikusema hivyo."

Fimbo zikarudi chini. Akayarudia yote, moja moja, kwa Kitundwe chake cha kuchechemea. Akakosea mahali pamoja. Badala ya kamba alisema nyoka. Hakuna aliyecheka. Kisha akaligeukia baraza la kwao, akawaeleza Jumbe na Kombo kwa lugha yetu kila neno Shekue alilolisema tangu asubuhi. Wa huku wakamtazama Shekue. Wa kule wakamtazama Shekue. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini hakikutoka kitu, si kwa lugha hii wala ile.

Nareku akavuka mchanga akiwa amefunua uso. Akamshika Mashavu mkono kwa mikono miwili, kama siku ile.

"Mize alipozidiwa," alisema, "alituambia, mwiteni mama. Tulimtuma mtu huyu. Alirudi akasema umekataa. Tukamtuma tena, akasema umekataa. Mara ya tatu tukampa ng'ombe wa kubebea mizigo ili usichoke njiani. Akasema umekataa. Mwanao alikufa akitazama mlangoni."

Mashavu aliyaelewa maneno yote. Hakuna hata moja lililompita, na siku hiyo alitamani limpite. Wakakaa chini mchangani wale mabibi wawili, wakamlilia Mize pamoja, miaka saba baadaye, kwa lugha moja.

Wazee wa pande zote mbili walitoa hukumu moja: Shekue asiseme tena mbele ya baraza lolote mpaka afe. Alihama kabla ya mavuno. Mbuzi alirudi na wanawe. Mjukuu akawa anakaa Kigandani kiangazi na vilimani masika.

Mngedhani nimemaliza. Bado. Hasira ya Mashavu ilikuwa imebakiza deni moja, nalo ni la watu wa kwao.

Wiki haijapita, Jumbe akaja na Kombo, wamebeba kigoda cha Shekue.

"Dada," akasema Kombo, "wazee wameamua. Sasa wewe ndiwe mdomo wetu."

Mashavu akakitazama kigoda, akamtazama kaka yake. "Miaka ishirini mlisema hakifundishiki. Nilipojaribu mliniambia nawaaibisha. Vyungu vyangu vilivunjwa mkasema mbuzi. Sasa mmeona kinafundishika, na bado hamtaki kujifunza. Mnataka Shekue mwingine, ila awe wa kike."

"Lakini wewe hutatudanganya," akasema Jumbe.

"Leo. Na nikiugua, Jumbe? Na nikikukasirikia? Na nikianza kupenda asali?" Akakichukua kigoda, akakipasua kwa shoka, akakitia kwenye tanuri lake la vyungu. "Kesho asubuhi atakayekuja nitamfundisha. Asiyekuja, ana vidole."

Walikuja watu kumi na tisa. Soko la pili walikuwa wanane. Masika yalipokwisha walibaki watatu, na mmoja wao, msinicheke, alikuwa Kombo, mzee wa mvi, mzito wa ulimi kuliko wote. Mashavu hakumbembeleza. Siku alizokosa kuja alimwacha akose, na siku alizorudi alimpa nafasi yake ile ile, hakumuuliza alikuwa wapi.

Mwaka wa pili Kombo alivuka mto peke yake. Hakumwomba dada yake amsindikize. Kwenye njia panda ya kwanza alisimama, akamwuliza Mtundwe mmoja aliyekuwa akilima, kwa Kitundwe kibovu cha kutia aibu, kaburi la Mize liko wapi.

Yule mkulima akatupa jembe chini, akamshika mkono, akampeleka.

Kisa nimekitua hapo, na hasira yake nimeitua. Kama kimewaingia, nendeni nacho ng'ambo mkakiseme kwa midomo yenu wenyewe. Kama hakikuwaingia, nirudishieni nikamsimulie mwenye masikio.

Tumekipokea.

Basi laleni.